Sekunde Kumi na Nane

Ntakije alikuwa na diski moja, nasi tukadhani
hiyo ndiyo gemu yote iliyoko duniani.
Ilitoka Japani ndani ya kontena la redio za mitumba,
ikashushwa stesheni ya Kigoma pamoja na magodoro.
Maandishi yake vijumba vijumba, hatukusoma hata kimoja.
Tulikariri: kitufe cha tatu, kisha cha chini,
kisha ungoje kengele.

Gari lilikuwa kijivu.
Barabara kijivu, bahari kijivu,
na mimi, Butoyi, bingwa wa Mwanga nzima:
dakika moja, sekunde thelathini,
imeandikwa kwa mkaa ukutani, juu ya bei ya soda.

Ndipo Bukuru akaja kutoka Kalemie.
Pacha wangu. Shangazi alimvusha ziwa tukiwa hatujaota meno,
maziwa ya mama yalikuwa ya mmoja.
Alishuka bandarini na begi la bluu
na Kiswahili kilichovaa koti jingine:
njaa aliiita njala,
akauliza fasi ya kulala iko wapi.
Mama alicheka, akalia. Au alianza kulia, sikumbuki.

Ndani ya begi, imeviringwa kwenye fulana, diski.
Gemu ile ile.

Runinga ya Ntakije ikakohoa,
na gari likatoka jekundu.
Jekundu la mawese mabichi.
Miaka miwili nimeliendesha, sikujua lina rangi!
Bahari nayo ikawa bahari.
Ila daraja la tatu halikuwepo,
na pale penye bango la bia, kwenye kona ya handaki,
wenye gemu walikuwa wamefuta bia:
pamebaki ubao mweupe.
Maneno yalikuwa Kifaransa, Bukuru akayasoma kwa sauti
kama mtu aliyepata barua kutoka kwao.

Na gari lilikuwa zito,
kama linapita njia ya Kasulu siku ya pili ya mvua.

Akamaliza. Dakika moja, sekunde thelathini.
Sare! kibanda kikapiga kelele.
Nikakataa. Ntakije, aliyekula mshahara wa reli miaka kumi na tisa
na haamini saa isiyotoka mfukoni mwake,
akasema: rudieni.

Mimi: kioo tisini, saa ya reli tisini.
Bukuru: kioo tisini,
saa ya reli mia na nane.

Fundi Sadoki, aliyeichokonoa ile mashine ili ile diski za kila nchi,
akatoa njiti mdomoni.
Japani, akasema, picha sitini kwa sekunde. Ulaya, hamsini.
Walioipeleka Ulaya hawakupiga hesabu upya,
wakaiacha ijikokote,
na saa iliyomo ndani ikajikokota pamoja nayo.
Haidanganyi, akasema. Haijui tu.

Nilikuwa tayari kushangilia.
Lakini Bukuru hakuwa akitazama ukuta wa mkaa.
"Basi miye nilibakia mule wakati murefu kuliko weye?"
Ndiyo.
Sekunde kumi na nane zaidi, za bluu.

Usiku, juu ya mkeka mmoja, tukaendelea kulinganisha.
Kwake mama alikuwa shangazi.
Kwake ng'ambo ni huku, na jua huzama nyuma ya nyumba;
kwangu huzama ziwani, upande wake yeye.
Kwangu kulikuwa na treni,
na baba, miaka sita, mpaka homa ile.
Kwake, penye baba, ubao mweupe.

Akaniuliza: alikuwa anavaa rangi gani?

Picha tuliyonayo ni moja, ya studio ya Ujiji,
ya kijivu.
Nikasema shati jekundu.
Nikasema na kola yake ilikuwa imechakaa upande wa kushoto.
Sina hakika. Nilisema tu,
naye akanyamaza muda mrefu,
sijui kwa saa ya nani.