Mchagua Jembe

Jumatatu, Daugavpils. Theluji inashuka kavu, kama pumba.
Nina kompyuta iliyochoka shuleni ikatupwa,
kumbukumbu gigabaiti nne, herufi K imeng'oka,
na mfumo huria aliousimika Raitis, mtoto wa kaka yangu,
akisema, "Shangazi, hutatoa hata senti."
Nina pia dakika mia na arobaini na mbili
za zamu ya mwisho ya Ojārs, dereva wa tramu namba tatu.
Karakana wanataka dakika sita.
Ijumaa, saa kumi na mbili jioni, kabla keki haijakatwa.

Programu ya kwanza ina jina kubwa, hata wacheza filamu wanaijua.
Ilipakuliwa usiku kucha. Asubuhi ikaniuliza kadi ya picha
kama bawabu aulizavyo kadi ya harusi.
Nikaipeleka kwa Zigmunds, jirani, mwenye mashine ya maana.
Ikafunguka. Kioo cheusi. Ojārs hana sura wala sauti:
toleo la bure halisomi faili za simu yangu.
Ukitaka lisome, lipa.

Ya pili nyepesi, ina rangi za peremende.
Nikakata, nikaunga, nikaandika jina lake kwa herufi za dhahabu,
ikaanguka.
Nikaiinua, ikaanguka.
Mara ya tatu nikaanza kuihurumia.

Raitis akapiga simu: "Achana na vitufe.
Andika amri, mstari mmoja tu."
Mstari wenyewe ulikuwa mrefu kuliko foleni ya kliniki.
Nikauandika, bila K, nikiichokoa kwa ncha ya kalamu.
Ukafanya kazi, siwezi kusema uongo.
Ukamkata Ojārs katikati ya neno "asante."

Alhamisi tayari.
Rahisi huvunja upishi, walisema,
lakini mimi hata sufuria sikuwa nimeteleka.
Siku nne nabisha milango ya majiko!
Mchagua jembe si mkulima;
nikajitukana kwa sauti, paka akatoka.

Basi nikachukua iliyokuwapo, Kdenlive,
sikuichagua kwa mapenzi, niliichagua kwa saa.
Ilinitengenezea nakala nyepesi za kila kipande
ili mashine yangu ipumue.
Ilizimika mara moja, saa saba usiku,
ikarudi na kila kitu mkononi,
kama mtoto aliyetumwa duka la mbali akarudi na chenji kamili.
Nikafungua ukurasa wa majina ya walioitengeneza.
Nikasoma hadi mwisho nikitafuta
nani ananidai.

Hapo ndipo kazi ilipoanza.
Nimpe Ojārs daraja, au stendi ya soko?
Abiria mlevi aliyemwimbia, au yule bibi
aliyeshuka bila kuaga kwa miaka ishirini, na siku ile akaaga?
Kuna sekunde kumi na moja anakabidhi ufunguo wa tramu.
Mkono hauachii.
Mpokeaji anavuta kidogo, anacheka, anavuta tena.
Programu zote nne zingeweza kukata pale.
Hakuna hata moja iliyojua kama inafaa.
Nilikata mlevi. Nilikata hotuba yote ya meneja.
Sekunde kumi na moja nikaziacha, bila muziki.

Ijumaa, saa kumi na moja na nusu,
asilimia tisini na saba.
Tisini na saba.
Tisini na saba.
Nikavaa koti, nikaibeba mashine ikiwa wazi
kifuani, kama sinia ya mayai,
theluji ikigusa kioo na kuyeyuka,
nikapanda namba tatu. Dereva mpya, kijana, akaniangalia.
"Ni yeye humo?" akauliza.
Nikamwambia bado kidogo.
Akaondoa tramu taratibu mno,
kona ya ngome akaipita kama amebeba maziwa.