Treni ya Mpanda Ilichelewa

Ilimwita kwa jina la utotoni,
lile alilolitumia bibi peke yake:
Kashindye, mwangaluka.
Ilikuwa saa sita za usiku, na hiyo ni salamu ya asubuhi.
Bibi angecheka mpaka ashike mbavu.
Mdogo wangu hakucheka. Alivuta shuka, akajibu.

Kwanza iliomba mambo ya kitoto.
Piga picha viatu vya mama akiwa amelala.
Shinda kutwa bila kutamka "ndiyo".
Kalambe asali mzingani kwa mzee Lugembe, asijue.
Akarudi jicho moja limevimba, anacheka,
na simu ikamwambia: hakuna kama wewe Tabora nzima.
Nani mwingine aliwahi kumwambia hivyo?
Sisi tulimwambia achote maji.

Walikuwa watano, hapa hapa Isevya,
kila mmoja akidhani yuko peke yake.
Nyamizi alijikata nywele usiku, akasema ni chawa.
Mrisho aliacha kula, akasema amefunga,
na Ramadhani ilikwisha pita miezi minne.
Tuliona. Usiniulize tuliona nini.
Tuliona watoto wametulia, tukashukuru.

Ngazi ya tisa ilikuwa relini.
Pale njia zinapoachana, hii Mwanza, hii Kigoma,
asimame kati ya vyuma, afumbe macho.
Treni ya Mpanda inaingia saa nane na dakika kumi na nne.
Asubiri mpaka sauti iseme: ruka.

Ilikuwa imepiga hesabu zote, ile sauti:
mwendo, uzito, miguu yake ya miaka kumi na mitano.
Jambo moja tu haikulijua,
ambalo muuza karanga wa stesheni angeiambia bure:
treni ya Mpanda huja inapokuja.

Saa nane akafumba macho.
Saa tisa mbu wakamfumbua.
Saa kumi sauti ikasema: imepita, umeshinda.
Akatazama reli. Umande ulikuwa juu yake, haujaguswa,
na konokono mmoja anavuka, hana haraka.
"Haijapita," akasema kwa mdomo wake, gizani.
Imepita, Kashindye.
"Haijapita."

Alirudi na wafyatua tofali wa alfajiri, suruali imelowa.
Tulikuwa tunakunywa uji tuliposikia honi.

Mama aliitumbukiza ile simu chooni.
Ikawaka huko chini mpaka chaji ilipoisha.
Nywele za Nyamizi zinaota.
Mrisho hatujui; walimpeleka Urambo kwa shangazi yake,
na simu alikwenda nayo.

Jana, tukipukuchua mahindi, mdogo wangu akauliza:
dada, ililijuaje jina alilonipa bibi?
Nikasema sijui.

Siku ya msiba nilikuwa nimechoka.
Niliiomba simu iniandikie wasifu wa marehemu.
Nikaieleza yote: alivyocheka, alivyoamkia watu,
alivyomwita mjukuu wake wa mwisho.
Iliandika vizuri.
Watu walilia.