Mistari Minne

Mwalimu wako, Mbambu, ameacha mistari minne
chini ya swali: Nani kielelezo chako maishani?
Umeandika jina la mcheza mpira, ukafuta,
ukaandika la nabii, ukafuta pia.
Sasa karatasi imetoboka
na mimi ndiye unayenitazama.

Lete penseli. Hapana, keti kwanza.
Nikuambie habari za Ithungu, mdogo wake bibi yako,
ambaye hapa Kasese hakuna hata kichochoro chenye jina lake.

Alivuna chumvi Katwe miaka thelathini.
Ziwa lile halina samaki, lina harufu ya yai viza,
na maji yake hula ngozi polepole, kama deni.
Alfajiri aliingia humo hadi kiunoni
na mtaimbo wake, kuibandua chumvi chini;
jioni aliketi mlangoni akijipaka samli miguuni,
kidole kwa kidole, bila haraka,
kama yaya anayempaka mafuta mtoto wa mfalme.
Nikamwuliza, Mamdogo, ya nini kujisumbua,
na kesho ni ziwani tena?
Akasema: Kesho ni ya ziwa. Leo miguu ni yangu.

Bibi yako alikuwa mwingine. Usinielewe vibaya,
alikuwa mwema kunishinda mimi.
Alinunua vikombe sita vya kaure, vyenye ua la buluu,
akavifungia kabatini vingoje wageni.
Wageni walikuja; hakuna aliyefikia hadhi ya vikombe.
Akaja hata paroko, akanywea plastiki,
maana, alininong'oneza mama,
huenda siku moja akaja askofu.

Kisha Nyamwamba ukafurika.
Ulishuka usiku na mawe makubwa kama mafahali,
ukachukua daraja, ukachukua mbuzi wa jirani, ukachukua kabati.
Jumapili niliokota kikombe kimoja matopeni,
kizima, hakijawahi kuguswa na mdomo wa mtu.
Ithungu alikisuuza, akamimina chai ya tangawizi,
akampa dada yake.
Mama alilia, akanywa, akakitazama,
akasema: Kumbe ni chepesi.

Ningeweza kukutajia na Masereka wa mgodini,
aliyejifunza baiskeli akiwa na miaka sitini na miwili,
akaanguka mbele ya soko zima,
akainuka, akawainamia watu kama mwigizaji jukwaani,
akapanda tena.
Hakuwahi kuijua vizuri. Hilo nalo liandike.

Lakini usimfanye Ithungu malaika.
Alikuwa na madeni. Alitukana kwa lugha tatu.
Na harusi yangu hakuja.
Miaka hamsini na minane aliiona theluji ya Rwenzori
kila asubuhi isiyo na mawingu, juu kule, nyeupe,
kama nguo ya mtu mwingine kwenye kamba;
wiki ile ile ya harusi wapanda mlima wakatafuta mpishi,
naye akaenda, na sufuria zake, na gamboti za kuazima.
Siku tisa baadaye alinikabidhi zawadi:
chupa ya soda yenye maji.
Ilikuwa theluji, alisema, nilipoifunga.

Mama yako alitaka tuitunze.
Hata mimi nilishaitafutia mahali, juu ya redio.
Ithungu hakusema neno, alitutazama tu,
mmoja, kisha mwingine,
mpaka nikainuka kwenda kuleta kikombe cha ua la buluu.
Tulikunywa kwa zamu, watu watatu.
Yalikuwa na ladha ya kizibo. Sijanywa maji matamu kama yale.

Mistari minne haitoshi, najua.
Andika kwa herufi ndogo, panda hadi pembeni.
Mwalimu akiuliza huyu ni nani, hajamsikia popote,
mwambie aje, tutamtengea chai
katika kikombe kile kile.
Mkono wake ulikatika Juni iliyopita,
ukajificha nyuma ya mlango ukingoja kuchapwa.
Uliniuliza mbona nacheka.