Hariri

Tbilisi, baridi kali, umeme umekatika tangu saa nane.
Darasani tuko saba, makoti hatuyavui.
Mwalimu Tsiala anaweka mshumaa dirishani,
mbali na meza, maana filamu haina mzaha na moto.
"Leo," anasema, "mtakata kwa vidole."

Sekunde moja ya ukanda, anatufundisha,
ni dhiraa moja kamili:
kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati.
"Usiwe na saa, usiwe na mashine,
mkono unao.
Pima mara mia. Kata mara moja."

Tumepewa ukanda uleule, nakala saba,
zilizomaliza dawa za mwisho za maabara ya chuo.
Dakika nne, bubu:
mwanamke kibarazani anavunja jozi kwa jiwe,
mlango unafunguka,
birika linafuka,
mwanamke anageuka.
Basi. Tafuteni hadithi humo.

Malkhaz, ambaye hukata kama anayechinja,
alimaliza kwanza: mlango, mikono, mlango, jiwe.
Tukaogopa. Aliyeingia ni muuaji!
Eteri alilitanguliza birika,
akauacha mlango wazi dhiraa tisa,
na aliyeingia akawa mtu aliyengojwa miaka.
Mimi nililifuta birika lote. Sikupenda mvuke.
Nikajiona nimekata shauri la kiume.

Mwalimu hakusifu, hakukemea.
Aliinamia kapu la vipande, akatia mkono
kama mtu anayetafuta pete kwenye unga,
akatoa kimoja, na kingine, na kingine,
akaviinua mbele ya mshumaa.
Saba. Vyote kipande kilekile:
pale mwanamke, kabla ya kugeuka,
anatazama kamera na kufungua mdomo.

"Gocha. Hiki umekitupa kwa nini?"
"Ni kosa, mwalimu. Amemwangalia mpiga picha."
"Na ninyi?"
"Kosa," wakasema.

Akaanza kuvizungusha kidoleni, taratibu.
Kwao, alisema, walifuga viwavi vya hariri.
Kazi yake, akiwa mtoto, ilikuwa kuchemsha vifukofuko
na kuutafuta mwanzo wa uzi kwa kijifagio cha majani.
Uzi mmoja, usiokatika, mrefu kuliko mtaa.
"Ukiukata hovyo, kiwavi amekufa bure."

Kisha, bila kubadili sauti:
"Huyu ni mama. Mpiga picha ni mimi.
Hapo anasema, zima hicho kidude, chai inapoa.
Nyumba iko Ochamchire. Vita vimepita pale.
Sijui jozi zile anavunja nani sasa."

Hakuna aliyekohoa.
Malkhaz alitazama viatu vyake.
Nami nilifikiri jambo la kipuuzi kabisa,
kwamba nilikuwa nimelifuta birika,
na chai ilikuwa humo.

"Sikusema mrudishe," akasema Tsiala.
"Pengine ni kosa kweli. Nimesema mjue mlichokikata.
Kukata si kukataa."

Umeme ulirudi saa mbili kasoro.
Mtaa mzima ukapiga kelele ya shangwe, kama kawaida,
meza ya kuhariria ikanguruma peke yake,
na sisi tukapangana foleni, kila mtu na gundi yake.
Sijui wenzangu walifanya nini.
Mimi nilimrejesha, fremu kumi na moja,
mshono ukakaa upande, picha ikaruka.
Mdomo ulifunguka. Sauti haikuwepo.
Alama niliyopata ilikuwa ya wastani.

Siku hizi nahariri matangazo ya sabuni.
Hakuna ukanda, hakuna kapu;
unachokifuta hakianguki popote.
Vijana ofisini wamezoea kunicheka:
kabla sijabonyeza,
nanyoosha mkono hewani, kiwiko mpaka kidole,
na kuutazama kidogo.