Wino wa Dorsila Awino

Usiku, ghorofa ya pili, Kisumu. Madirisha tumeyafunga,
maana vidudu vya ziwani huja kufia kwenye taa
na mzoga mmoja tu ukinasa rolani
utasimamisha benki nzima.

Nailisha mashine hundi, lundo kwa lundo.
Haishibi.

Watu hudhani inasoma. Haisomi, inapapasa.
Katika wino wa ule mstari wa chini mna unga wa chuma,
na tarakimu zimeumbwa na vitambi visivyo na adabu,
hii imenenepa mguu, ile imevimba shavu,
ili sumaku, kipofu yule, ijue nani ni nani.
Mwaga chai juu yake. Gonga muhuri juu yake.
Itapita na kusema: nimekujua.

Jerusa Omusula, aliyenifunza kazi, alikuwa mkali:
Usikunje hapo chini! Usitoboe kwa pini!
Jina la mtu likifutika, tutamwita aje alitaje.
Mstari ukifutika, utamwita nani?

Ilikuwa wiki ya malipo ya miwa.
Hundi zilishuka kutoka Muhoroni zikinuka moshi,
na moja ilikuwa imekunjwa mara nane,
imelala siku kadhaa ndani ya fundo la leso,
ina doa la mafuta ya omena pale penye tarakimu.
Nikainyoosha kwa kiganja.
*Mlipe Dorsila Awino.*

Mama yangu.
Wino umo hata ndani ya jina lake,
ila huo hauna chuma, mashine haikuujali.
Ilipapasa doa, ikapenya mafuta,
ikahesabu tarakimu zote, hakuna iliyopotea.
Nilicheka peke yangu. Jerusa akaniuliza kulikoni.

Siku ya nne hundi ilirudi.
Pembeni, kwa kalamu nyekundu: *mtoaji aulizwe.*
Chuma kilikuwa kizima.
Pesa ndizo hazikuwepo.

Jumapili nikampelekea nyumbani, pamoja na sukari kilo mbili,
sukari ya kununua, nikaona haya kuitoa mfukoni.
Nikamweleza habari ya sumaku, polepole, kama mtu anayeomba radhi.
Alisikiliza mpaka mwisho.
Kisha akalitazama jembe lililoegemea mlango,
limelika, limebaki upana wa kijiko,
akaniuliza:
hicho chuma kilichopungua hapa,
ninyi huko mjini
mnakitia kwenye wino wa nani?