Mia Mbili kwa Jozi

Valdivia mvua hainyeshi, inaishi.
Ina chumba chake katika kila nyumba;
kwa Bi Eduvina Catrilef ililala sebuleni,
ndani ya ndoo, chini ya bati lililotoboka.

Kiwanda cha viatu kilipofungwa
mumewe Nibaldo alirudi na mkasi wa ngozi
na barua ya shukrani kwa miaka kumi na tisa.
Mkasi ulibaki. Barua iliwashia moto.

Sisi majirani tulikuwa na ushauri;
ushauri hautozwi ushuru.
Uza mkate, nilimwambia mimi.
Mkate? Mtaa mzima una tanuri,
hata mchungaji anauza mkate.
Fuga kuku. Wa Rosamel walikufa Juni,
wameloa hadi mifupani.
Fuma sweta, basi.
Akanitazama nilivyovaa: sweta mbili, moja juu ya nyingine,
zote nimezifuma mwenyewe.

Halmashauri ikamwita kwenye semina.
Kijana mwenye tai na kalamu nene
akaandika ubaoni: TAMBUENI PENGO LA SOKO.
Bi Eduvina akanakili kwa mwandiko wa shule,
akarudi nyumbani, akamwaga ndoo.
Pengo alilolijua lilikuwa juu ya kichwa chake.

Hadi Jumatatu ile mwanangu Maicol
alipojibanza kwake akingoja basi,
akavua soksi, akazikamua sakafuni bila haya.
Bi Eduvina akazining'iniza juu ya jiko,
jiko la chuma, kifua wazi, miguu minne,
linalotafuna kuni za hualle Machi hadi Novemba
liwe na kazi, lisiwe na kazi.
Dakika kumi na mbili. Alizihesabu kwa saa ya ukutani.
Mtoto akavaa soksi za moto
akacheka kama aliyeokota fedha njiani.
"Mwambie mama yako," akasema, "kesho ni peso mia mbili."

Nilikasirika, nakiri.
Soksi! Ujirani wote ule, leo una bei!
Kesho yake nilituma jozi tatu.

Nibaldo akavuta nyaya ukuta kwa ukuta,
akahamisha kitanda, akahamisha picha ya mama mkwe.
Na kwa kuwa mali bila daftari hupotea bila habari,
daftari likanunuliwa, likapata masizi siku ya kwanza:

*Olga, shuka mbili.
Mapacha wa Painemal, nepi kumi na nne.
Kwaya, majoho sita, watalipa Pasaka.
Mpiga mbizi, suruali. Kalipa kwa kome, kilo moja.*

Agosti, shati la harusi la mwalimu Oyarzo
likaungua kola.
Bi Eduvina hakusingizia paka.
Alilipa shati zima, faida ya wiki tatu,
akaandika hasara kwa wino uleule wa faida,
kisha akampa Nibaldo kile kitambaa cheupe.
Mkasi wa ngozi ukafanya kazi tena:
vibandiko arobaini, kila kimoja na namba,
ili nguo za mtu zisirudi kwa mtu mwingine.
Mimi ni namba tisa. Ni kipande cha mkono wa kushoto.

Siku hizi kwenye basi tunatambuana kwa moshi.
Karani wa benki ananuka kama mimi.
Hatusalimiani, lakini tunajuana.

Sasa ni Desemba. Jua limetoka
na kukataa kuingia ndani, wiki ya pili hii.
Nyaya ziko tupu. Jiko limepoa, ndoo imekauka,
na Bi Eduvina ameketi mlangoni, mikono magotini.
"Kiangazi nitauza nini," ananiuliza, "kivuli?"

Nilikuwa na majibu matatu. Niliyameza.
Maicol akapita mbio, jasho linamchuruzika,
akauliza kama lile friji la zamani bado linagandisha.
Bi Eduvina hakumjibu.
Alikuwa amekwisha kugeuka
kuitazama saa.