Matundu

Nimeziba matundu miaka kumi na tisa.
Mabomba ya Buruburu, matangi ya Donholm,
choo cha kanisa kinachovuja kila Pasaka.
Usipoziba ufa utajenga ukuta, wanasema,
na mimi kuta nimezibomoa kwa patasi
nikiutafuta ufa wa juzi.

Sasa ni saa tano usiku, Kayole,
nimeinamia beseni la plastiki
nikiyaombea matundu yaje.

Ilianzia Loresho, jikoni kwa Bi Fiorenza,
sinki limekataa kumeza.
Nilipotoka chini yake, magoti yameloa,
alinikatia kipande cha mkate wa kwao:
ganda limekaribia kuungua,
ndani kumetoboka ovyo ovyo.
Nikatafuna. Taya zikafanya kibarua.
Hela alinilipa zote. Bakshishi ilikuwa chachu,
vijiko viwili ndani ya chupa ya jemu,
uji unaopumua.
"Ilishe," akasema,
kama mtu anayekuachia paka wake.

Syombua aliinusa, akamwita Mama Kerubo:
"Njoo unuse busaa ya Loresho."
Kavata akaipa jina, Shangazi,
akaliandika kwa kalamu ya rangi kwenye kifuniko.
Shangazi akishiba hupanda hadi shingoni mwa chupa.
Akisahaulika hununa, hutoa maji meusi.

Maji, kwetu, huja Jumanne na Ijumaa,
usiku, baada ya bomba kukohoa.
Nayakinga, nayaacha wazi hadi asubuhi
dawa ya kanjo ipae.
Unga nusu kilo, maji gramu mia nne, chumvi.
"Hicho si kinyunya," anasema Syombua, "hiyo ni rojo."
Kweli. Hakikandiki kama cha chapati.
Unakamata pembe moja, unavuta,
unakunja kama shuka la wodini,
unakiacha. Nusu saa. Unarudi, unakunja tena.
Mikono hii imezoea kukaza:
nati, uzi, spana namba kumi na saba.
Sijui ni nani angeifundisha kulegeza
kama si rojo hili.

Julai ikakigandisha. Nikakifunika kwa ovaroli yangu,
kikalala usiku kucha kikinuka grisi na ngano.

Oveni sina. Nina sufuria ya chama,
mchanga ndani, makaa chini, makaa juu ya kifuniko.
Onchiri wa kusimamia ploti akafuata moshi:
"Saa hizi unapika nini?"
"Mkate."
"Dukani si upo?"
"Huu una matundu."
Akanitazama kama niliyemuuzia paa linalovuja
na kulisifu.

Wa kwanza haukuwa na tundu hata moja.
Ulizibika vizuri, kama kazi yangu bora.
Tuliutumia kuzuia mlango wa bafu.
Wa pili uliungua nje, ndani ukabaki ugali.
Kuhusu wa tatu sitasema lolote,
Syombua alinikataza.

Huu ni wa nne.
Nimeutoa na nguo mbili mkononi,
nikauweka juu ya kigoda,
nao ukaanza kulia, ta, ta-ta, ganda likipasuka
mahali pembamba pembamba.
Sauti hiyo naijua. Ndiyo ya bomba kabla ya hasara.
Moyo ukanidunda kwa mazoea,
nikajikuta natafuta valvu ya kufunga.

Tukangoja upoe. Hatukungoja vya kutosha.
Kisu kikaingia, mvuke ukatoka,
na Kavata akainua kipande machoni,
akafumba jicho moja:
"Baba, naiona balbu!"

Syombua alipaka siagi, hakusema neno.
Siagi ikayeyuka, ikapita tundu kubwa la katikati,
ikadondoka mezani.
"Fundi," akaniita, "kazi yako inavuja."
Kisha akakikinga kiganja chini ya kipande,
akala.